UNDA GITAA LAKO LA UMEME MWENYEWE! (Mashoto pia ruksa)

WANGAPI kati yenu mmewahi kusimama mbele ya duka la vyombo vya muziki, mkalitazama gitaa la umeme linavyong'aa, mkauliza bei, halafu mkajifanya mmekumbuka kuna mtu anawasubiri kituoni? Nyoosheni mikono. Naam, tuko wengi.

Basi wiki hii sina habari za mapenzi wala mitindo ya nywele. Nataka tuongee na wale wenzangu na mie, wenye muziki kichwani na mifuko iliyotoboka. Habari yenyewe ni hii: gitaa la umeme siyo ndege. Ni mbao mbili, sumaku, waya, skrubu kadhaa na nyuzi sita. Viko viwanda vinavyouza vitu hivyo vyote vipande vipande ndani ya boksi moja. Bodi imeshakatwa, shingo imeshapigwa freti, kazi iliyobaki ni yako. Seti za kawaida zinaanzia kama dola 100 za Marekani hadi 200 hivi, kabla ya nauli ya mzigo na ushuru.

Sikudanganyi, yako magitaa mapya ya bei rahisi ambayo hayapishani sana na bei hiyo. Anayetafuta urahisi tu, anunue hayo. Ila anayetaka kulijua gitaa lake kama fundi anavyoijua baiskeli yake, au anayetaka kitu ambacho madukani hakipo, asome mpaka mwisho.

KILICHONISUKUMA MIMI

Mimi ni mashoto. Nakula kwa mkono wa kulia kwa sababu bibi yangu alihakikisha. Naandika kwa kulia kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza alihakikisha. Lakini nikishika gitaa, vidole vinajua vyenyewe kwao ni wapi.

Kundi letu ni vijana sita wa Temeke. Tulikuwa tunakodi magitaa kila tukipata mwaliko wa harusi au kipaimara. Mwenye magitaa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na sharti moja: nyuzi zisiguswe, maana kesho yake gitaa lile lile linakwenda kwa kundi lingine. Ikabidi niligeuze, uzi mnene ukawa chini na mwembamba ukawa juu. Wimbo wa taratibu namudu. Likifika chemko, vidole vinapotea njia.

Msije mkaniambia Jimi Hendrix. Yule alikuwa mashoto na aligeuza gitaa la watu wa kulia, kweli, lakini nyuzi alizipanga upya zikae kwa utaratibu wake. Albert King ndiye aliyepiga nyuzi zikiwa kichwa chini, akawatoa watu machozi. Sasa Albert King alikuwa mmoja tu, na mimi siye.

Siku moja baada ya mazoezi kiongozi wetu akaniweka pembeni. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayetoa pole ya msiba: "Mdogo wangu, mpaka mwisho wa mwaka mkono usipokaa sawa, itabidi nimchukue yule kijana wa Mbagala. Wewe utashika tumba."

Sina ugomvi na tumba. Lakini gitaa ndilo lililonitoa nyumbani. Nikazunguka maduka ya mjini, gitaa la mashoto hakuna. Kwenye seti za kuunda mwenyewe, za mashoto zipo. Nikaanza kudunduliza.

WALIOTUTANGULIA

Kama unaona haya kuunda chombo chako, jua kwamba umetanguliwa na wakubwa. Leo Fender wa California alikuwa fundi redio, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Ndiye aliyeingiza sokoni mwaka 1950 gitaa la bodi ya mbao isiyo na uwazi ndani, ambalo mwaka uliofuata likaitwa Telecaster. Mwaka 1954 akatoa Stratocaster. Ujanja wake ulikuwa kuifunga shingo kwa skrubu nne badala ya gundi. Shingo ikiharibika, fungua, funga nyingine. Ujanja huo ndio unaotuwezesha leo mimi na wewe kuunda gitaa sebuleni.

Kule Uingereza, mwaka 1963, kijana wa shule aitwaye Brian May alianza kuunda gitaa na baba yake mzazi. Mbao ya shingo ilitoka kwenye fremu ya meko ya zamani, springi zilitoka kwenye pikipiki kuukuu, alama za shingoni ni vifungo vya nguo vya mama yake. Baadaye akalipiga gitaa hilo hilo dunia nzima katika bendi ya Queen, kando ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946.

Na hapa jirani, Franco Luambo Makiadi alipokuwa mtoto Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya sasa, alikuwa akiwapigia wateja wa mama yake sokoni gitaa la kuungaunga. Mama anauza maandazi, mtoto anaita watu. Mwisho wake mnaujua.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Chagua seti ambayo shingo inafungwa kwa skrubu. Za gundi waachie wazoefu, maana gundi ikikauka shingo imepinda, umekwisha. Kwa mtu anayeanza, mtindo wa Telecaster ndio mwepesi: pikapu mbili, daraja lisilocheza, hakuna springi za kukusumbua. (Pikapu ya gitaa, siyo ile ya kubebea nyanya!)

Uliza mapema nauli na ushuru ni kiasi gani, boksi lisije likakaa forodhani na wewe unakopa huku na huko. Vifaa unavyohitaji ni bisibisi, msasa, drili ndogo, rula ya chuma, tupa ndogo na pasi ya kulehemu. Vingi utaazima mtaani.

BOKSI LIMEFIKA

Tandika mkeka, toa kila kitu, hesabu. Usiguse msasa kwanza. Unga gitaa lote kikavu: weka shingo kwenye nafasi yake, weka daraja, tazama kama vinaongea. Vuta uzi wa kushonea kutoka pande mbili za kichwa cha shingo mpaka kwenye daraja. Nyuzi zote mbili zipite zikiwa zimeachana na kingo za shingo kwa nafasi sawa. Upande mmoja ukitaka kuning'inia nje, rekebisha sasa hivi, maana tundu likishatobolewa halitoboleki upya.

Halafu pima. Kwa mtindo wa Telecaster, urefu wa uzi kutoka nati ya kichwani mpaka darajani ni milimita 648. Freti ya 12 inakaa katikati kabisa, milimita 324. Uzi mnene huhitaji urefu wa ziada wa milimita chache pale darajani. Hesabu hii ndiyo inayotenganisha gitaa na kuni, kwa sababu daraja likikaa pabaya hakuna atakayeweza kulitunza sauti.

Kwenye boksi langu kila kitu kilikuwa cha mashoto isipokuwa nati! Mifereji yake imechongwa ya watu wa kulia, uzi mnene haupiti. Aliyeniuzia aliandikiwa, hakujibu. Nikalibeba gitaa mpaka kwa mzee mmoja fundi seremala wa Keko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo nalo jeneza la nani?"

Nikamweleza. Akacheka, akanituma buchani nikalete mfupa wa ng'ombe. Tukausafisha, tukautoa mafuta, tukauacha ukauke kabisa, ndipo tukauchonga kwa tupa. Mifereji tulichonga kwa zile waya zenye meno ambazo mafundi wa gesi husafishia midomo ya kuchomelea. Zinakuja za unene tofauti, kwa hiyo kila uzi unapata njia yake. Nati za mfupa ndizo zinazosifiwa hata kwenye magitaa ya bei mbaya. Mimi yangu nilipewa bure na muuza nyama.

RANGI NA MVUA ZA DAR

Hapa ndipo vijana wengi wanapokimbilia, kwa sababu kila mtu anataka kupendeza. Mzee wa Keko aliniambia neno moja: "Kijana, mbao haina haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Piga msasa kufuata mishipa ya mbao, kamwe usikate. Anza na namba 180 au 220, malizia na 320. Futa vumbi lote. Paka sila, acha ikauke, piga msasa mwepesi, ndipo uweke rangi au vanishi. Tabaka nyembamba nyingi zinashinda tabaka moja nene, kwani nene huchuruzika na kukunjamana. Ziba kwa tepu ile nafasi ya kuingilia shingo, rangi isiingie.

Halafu tazama mawingu. Mji wetu una unyevu, na rangi ikipulizwa hewa ikiwa nzito hugeuka ukungu mweupe kama maziwa. Masika na vuli siyo wakati wake. Mimi nilipuliza mwezi wa saba, asubuhi jua limeshakausha umande, nikaliacha gitaa linaning'inia wiki tatu. Vaa barakoa ya mafundi rangi, fanyia kazi mahali penye hewa, na jiko la mkaa liwe mbali. Thina haina rafiki.

UMEME BILA SHOTI

Usiogope. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, unatikisa nguvu ya sumaku, na ndani ya waya unazaliwa umeme mdogo sana. Michael Faraday aligundua siri hiyo mwaka 1831, kabla hata babu zetu hawajazaliwa. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hapa hazifui dafu.

Njia ya umeme ni fupi: kutoka pikapu kwenda kwenye swichi, kisha kitufe cha sauti na cha toni, mwisho tundu la kuchomekea waya. Seti nyingi siku hizi waya zake zinachomekwa tu. Kama ni za kulehemu, pasha moto sehemu yenyewe kwanza, ndipo uguse risasi, sekunde mbili tatu, ondoa. Kiungo kizuri hung'aa. Kilichofifia na kujikunja kitakuumbua jukwaani. Na usisahau waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja. Ukiukosa, gitaa litanguruma kama friji bovu.

Jaribu kabla ya kufunga nyuzi. Chomeka, weka sauti ndogo, gonga pikapu taratibu kwa bisibisi. Ukisikia "ko, ko," shukuru Mungu.

Umeme wa gitaa lenyewe hauui. Hatari iko kwenye amplifaya iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi. Huku umeshika nyuzi, huku mdomo unagusa maikrofoni, wewe ndiye unakuwa waya. Amplifaya usiifungue, na ukumbi ukiwa na soketi za kuungaunga, mwite fundi umeme kabla ya onyesho.

NYUZI ZENYE UZITO WA SARUJI

Skrubu za shingo zitobolee tundu jembamba kwanza, zipake sabuni zipite laini. Kwenye drili funga tepu kama alama, usije ukatokeza upande wa pili.

Nyuzi sita za kawaida zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 46, karibu mfuko mzima wa saruji. Lazima shingo itainama. Ndani yake kuna chuma cha kuinyoosha, kizungushe robo mzunguko tu, acha, tazama, ndipo uongeze. Kwenye freti ya 12, uzi uwe juu ya freti kwa milimita mbili au pungufu kidogo.

Mwisho ni kusawazisha sauti. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, upige, usikilize ule mlio wa kengele. Kisha bonyeza pale pale, upige tena. Ukibonyeza sauti ikapanda, rudisha kitako cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikishuka, kisogeze mbele. Kila uzi na zamu yake.

Nililipeleka gitaa mazoezini mwezi wa tisa. Kiongozi hakusema kitu, alihesabu tu "moja, mbili, tatu" akaanzisha wimbo wenye chemko refu kuliko zote tulizonazo. Nikaingia na rithim, vidole vikaenda kama viko nyumbani. Wimbo ulipokwisha akamgeukia mpiga besi: "Sasa yule wa Mbagala tumwambieje?" Wakacheka. Yule wa Mbagala sasa ndiye anayepiga solo, na tumba amepatikana mwenyewe anayezipenda.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Makundi mawili ya mtaani yameshaniletea magitaa yao yanayonguruma. Nafungua, nalehemu, nalipwa. Sikusomea popote zaidi ya kidato cha nne na lile boksi.

Kwa hiyo wewe uliyejificha kituoni, dunduliza. Kama mwaliko mmoja unakupa elfu kumi, weka elfu tatu kando. Tafuta seremala mzee mwenye subira umsalimie vizuri. Na kama wewe ni mashoto mwenzangu, nati ikague siku ile ile boksi linapofunguliwa.

Haya, msasa huo hapo. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.