Je, Wajua? Vivinjari vya Wachache na Watu Wanaovitunza

Je, wajua kwamba karibu kila kivinjari kinachotumika leo hujitambulisha kwa jina lisilo lake? Kila unapofungua tovuti, kivinjari chako hupeleka kwa seva mstari mmoja wa maandishi unaoeleza kuwa ni kivinjari gani. Mstari wa Chrome kwenye kompyuta ya Windows huanza na Mozilla/5.0, halafu inatajwa AppleWebKit, kisha KHTML, kisha maneno yanayosema ni mfano wa Gecko. Ndipo linapokuja jina Chrome, na nyuma yake kabisa Safari. Majina sita, na la kwake ni moja tu.

Mambo yalianza katikati ya miaka ya 1990. Netscape, iliyotoka mwaka 1994 ikijiita Mozilla katika mstari huo, ilikuja kuweza kuonyesha kurasa zilizogawanywa kwa fremu wakati vivinjari vingine haviwezi. Wenye tovuti wakaweka sharti: anayejiita Mozilla apewe ukurasa kamili, wengine wapewe uliopunguzwa. Internet Explorer ilipoingia sokoni haikukubali kuachwa na yaliyopunguzwa, nayo ikajiita Mozilla. Waliofuata wakafanya vivyo hivyo, kila mmoja akibeba majina ya waliomtangulia. Lawama naiweka kwa walinzi wa mlango, si kwa waliobisha hodi.

Opera ilionja adha hiyo zaidi ya wengi. Ilipofikia toleo la 10 mwaka 2009, tovuti kadhaa zilikuwa zikisoma tarakimu ya kwanza tu. Zikaona 1, zikadhani zimetembelewa na toleo la kwanza la zamani mno. Watengenezaji wakalazimika kuandika 9.80 mwanzoni mwa mstari na kuisogeza 10.00 hadi mwishoni. Chrome na Firefox zilipokaribia toleo la 100 mwaka 2022, zilifanya majaribio mapema kuona ni tovuti zipi zingevurugwa na tarakimu ya tatu. Nayo Vivaldi, iliyoanzishwa na Jon von Tetzchner, mmoja wa waasisi wa Opera, mwaka 2019 iliamua kuacha kutaja jina lake karibu kila mahali na kujionyesha kama Chrome. Injini yake, yaani sehemu inayochora kurasa, ni ileile ya Chrome, lakini zilikuwapo tovuti zilizoikataa kwa jina tu.

Kisa cha wazi kuliko vyote ni cha mwaka 2003. Watu wa Opera waligundua kwamba tovuti ya MSN, mali ya Microsoft, ilikuwa ikikipa kivinjari chao faili la mitindo lililovuta maandishi upande wa kushoto hadi yakaonekana kukatika. Walipobadilisha neno Opera katika mstari wa utambulisho likawa Oprah, hawakupewa tena faili lile bovu. Februari mwaka huo walitoa toleo maalumu la kivinjari lililogeuza maneno ya MSN kuwa kelele za yule mpishi wa Sweden wa kwenye Muppets, kipindi cha vikaragosi, ili kila mtu aone maana ya ukurasa kuharibiwa makusudi.

Waandishi wa programu huria walikuwa na jibu bora kuliko kujadili majina. Badala ya kuuliza kivinjari kinaitwaje, programu huuliza kinaweza nini: je, kazi hii unaijua? Ikiwa ndiyo, itumike. Ikiwa hapana, ifuatwe njia ya zamani. Modernizr, maktaba huria ya msimbo ya mwaka 2009, ilieneza utaratibu huo. jQuery, maktaba nyingine iliyokuwa ndani ya mamilioni ya tovuti, ilifika mbali zaidi: katika toleo la 1.9 la mwaka 2013 iliondoa kabisa kifaa chake cha kutambua kivinjari kwa jina. Ulikuwa uamuzi wa maana sana. Kivinjari kidogo ambacho mwandishi wa tovuti hajawahi kukisikia kikapata nafasi sawa na kikubwa, bila yeyote kukiandikia mstari wake maalumu.

Je, wajua kwamba injini inayoonyesha sehemu kubwa ya kurasa za intaneti ina asili yake kwenye kivinjari ambacho watu wachache walikitumia? Konqueror ilikuwa kazi ya KDE, mradi wa kujitolea wa watumiaji wa Linux, na injini yake iliitwa KHTML. Januari 2003 Apple ilitangaza Safari ikieleza kwamba imejengwa juu ya KHTML. Leseni yake ilimruhusu yeyote kuichukua, kwa sharti kwamba mabadiliko ya msimbo huo yabaki wazi. Tawi la Apple likaitwa WebKit; mwaka 2013 Google nayo ikatoa tawi lake kutoka WebKit, Blink, ambalo leo limo ndani ya Chrome, Edge, Opera na Vivaldi. KHTML yenyewe imeshastaafishwa, na Konqueror ya sasa huendeshwa na injini yenye asili ya Chrome, yaani na mzao wa injini yake ya zamani. Atakayesema kwamba kuwahudumia watumiaji wachache ni kupoteza muda, namwomba aisome historia hii kwanza.

Hata vivinjari vikubwa havijasalimika na tovuti zilizojaribiwa kwenye kivinjari kimoja tu. Fungua msimbo wa WebKit, ambao ni wa wazi, utafute faili liitwalo Quirks.cpp: utakuta anwani za tovuti mahususi, kila moja na kiraka chake. Kwenye Firefox andika about:compat mahali pa anwani. Utaona orodha ya namna hiyohiyo.

Tukirudi kwa vivinjari vya wachache, Lynx ilianza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas na bado inatunzwa. Huonyesha maandishi matupu. Picha iliyopewa maelezo husomeka kwa maelezo yake. Isiyopewa mara nyingi huacha jina la faili kwenye mabano, na msomaji hapati lolote. Wasioona wameitumia kwa miaka mingi pamoja na sauti au vionyeshi vya Breli. Karl Dahlke, mwandishi wa programu asiyeona, alikwenda hatua zaidi akaunda edbrowse, kivinjari kinachofanya kazi mstari kwa mstari kama kihariri cha maandishi.

Kwetu Afrika Mashariki kivinjari chepesi hakikuwa cha wachache hata kidogo. Opera Mini ilimwezesha mwenye simu ya vitufe kusoma habari bila kumaliza bando, kwa sababu ukurasa uliandaliwa na kubanwa kwenye seva kabla ya kufika simuni. JavaScript, lugha inayoendesha vitendo ndani ya ukurasa, nayo iliendeshwa kulekule kwenye seva, kwa muda mfupi tu. Menyu iliyotegemea JavaScript ilibidi irudi kwenye seva kila ilipobonyezwa, na kila safari ilikula salio. Tovuti iliyoandikwa kwa viungo vya kawaida ilifunguka bila taabu.

Dillo, kivinjari kingine chepesi, ilianza mwaka 1999, kazi ya Jorge Arellano Cid wa Chile, kwa ajili ya kompyuta dhaifu na mitandao ya polepole. Haina JavaScript kabisa. Baada ya toleo la 2015 ulipita ukimya wa karibu miaka tisa, hata anwani ya mradi, dillo.org, ikapotea. Lakini msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo mtu mwingine aliweza kuuchukua, kuufufua na kutoa toleo la 3.1.0 mnamo Mei 2024. Mwaka 2025 mradi ukatangaza kuondoka GitHub, tovuti ulikohifadhiwa msimbo wake, na mojawapo ya sababu ni kwamba GitHub haitumiki vizuri bila JavaScript: Dillo ilishindwa kufungua makazi yake yenyewe. Siku hizi ripoti za hitilafu za Dillo huwekwa kwenye kurasa nyepesi za HTML, na anayezishughulikia anaweza kuzisoma ndani ya Dillo.