Damu Inapopungua Kwenye Neva ya Jicho

Neva ya jicho ni fungu la nyuzi zaidi ya milioni moja zinazopeleka ubongoni habari za kile ambacho jicho limekiona, na kichwa chake, yaani sehemu inayoungana na jicho kwa nyuma, hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Damu ikipungua humo nyuzi huvimba, hubanana na hatimaye kufa, na kwa kuwa haziwezi kuota tena, matibabu hutegemea kujua mapema kilichozuia damu.

Chanzo cha hatari zaidi ni uvimbe wa kuta za ateri, ambazo ni mishipa inayotoa damu moyoni, na ugonjwa huu huwapata watu waliovuka umri wa miaka 50, hasa wazee. Mgonjwa huumwa kichwa kwenye panja, huhisi maumivu anapochana nywele, na taya humuuma anapotafuna, kisha hupata nafuu akiacha kula. Asipotibiwa, jicho la pili laweza kupofuka ndani ya siku au wiki chache. Kwa hiyo daktari huanza mara moja kumpa dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe, kwa kawaida gramu 1 ya methiliprednisoloni kwa dripu kila siku kwa siku tatu, kisha vidonge vinavyopunguzwa polepole kwa miezi mingi. Vipimo vya damu na uchunguzi wa kipande cha ateri ya panja ni muhimu, lakini dawa haipaswi kungojea majibu yake. Tangu mwaka 2017 Marekani imeidhinisha pia tosilizumabu, dawa inayosaidia kupunguza kiasi cha steroidi.

Aina ya pili, isiyotokana na uvimbe wa ateri, ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Uoni hupotea ghafla bila maumivu, aghalabu mtu anapoamka asubuhi, na mara nyingi nusu ya chini ya anachokitazama huwa giza. Kwa muda madaktari walipasua ala ya neva ili kupunguza mbano, hadi utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulipoonyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 43 hivi ya wasiopasuliwa walikuwa wameongeza mistari mitatu au zaidi kwenye chati ya kupimia macho, ilhali waliopasuliwa walipata nafuu hiyo kwa asilimia 33 tu, na karibu robo yao walizidi kupoteza uoni. Upasuaji huo uliachwa, na hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha uoni katika aina hii.

Hata hivyo kazi ya tiba haiishii hapo, kwa sababu takriban asilimia 15 ya wagonjwa hawa hupatwa kwenye jicho la pili ndani ya miaka mitano. Kisukari na shinikizo la damu vidhibitiwe, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini apimwe, na anayemeza dawa za shinikizo wakati wa kulala amuulize daktari kama zinalishusha mno usiku, pasipo kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Uoni unaopotea ghafla, hata usipouma, ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Na mgonjwa ana haki ya kuambiwa wazi kinachotibika na kisichotibika, ili asimalize fedha na muda wake kwa wauzao matumaini.