UZI: Kuasili mtoto, na mama ambaye hakuna anayemuuliza

1/ Siasa ikipamba moto, suala la kuasili watoto halikosi jukwaani. Huyu anasema wageni wanatununulia watoto. Yule anasema sheria ni ngumu mno, watoto wanakulia kwenye makao. Mimi niko Bondo, na mwanangu wa kwanza aliasiliwa. Hebu nieleze, bila chama wala jina la mtu.

2/ Tutenganishe mambo kwanza. Kutupa mtoto ni kosa la jinai. Dani kulea mjukuu, kama tulivyozoea huku kwetu, si kuasili: mtoto bado ni wako. Kuasili ni amri ya mahakama. Ikitolewa, haki zako zote za mzazi zinahamia kwa wengine.

3/ Sheria inasemaje? Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001. Mipango ya kuasili haianzi kabla mtoto hajafikisha wiki sita. Anayeomba lazima awe amemlea hapa Kenya miezi mitatu mfululizo. Ridhaa ya wazazi inatakiwa, isipokuwa mahakama iwe na sababu ya kuiweka kando, kwa mfano mtoto akiwa ametelekezwa. Kumlipa mzazi ili akubali hairuhusiwi.

4/ Kwa nini wiki sita? Mimi nilikuwa na miaka 19. Siku ya tatu baada ya kuzaa, maziwa ndiyo yanaanza kushuka, nikaletewa karatasi ya Kiingereza. Nikaambiwa, "Saini tu, utasahau." Nikasaini. Hizo wiki sita zilikuwa kwenye sheria hata wakati huo. Nimekuja kuzijua miaka mingi baadaye.

5/ Na wageni je? Novemba 2014 baraza la mawaziri lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini aliyenisainisha mimi hakutoka Ulaya. Alikuwa wa hapahapa, akiongea Dholuo safi. Mkataba wa The Hague wa 1993, ambao Kenya ilijiunga nao 2007, unataka mama ashauriwe kwanza, na akubali baada ya kuzaa, kwa hiari yake. Kipimo kiwe hicho kwa kila mtoto, awe anaenda London au Kisumu.

6/ "Si ulikuwa maskini?" Ndiyo. Mama yangu alikuwa anauza omena, na mimi nilikuwa sijamaliza kidato cha nne. Lakini miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenganisha mtoto na wazazi. Mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 pia unataka watoto watoke kwenye makao, walelewe kwenye familia. Sawa kabisa. Basi tuanze na familia aliyozaliwa nayo.

7/ Sasa suala la siri. Wapo wanaosema mama aliyezaa akae mbali, asiwasumbue. Nawaelewa. Waliomlea ndio wazazi wake, na siendi kumdai mtu. Shida yangu ni hii: mtoto wangu wa pili ana selimundu. Maana yake nabeba chembe hiyo kwenye damu, na huyo wa kwanza huenda naye anaibeba. Akioa mwenye chembe kama yake, watoto wao wanaweza kuugua. Anapaswa kupimwa mapema. Nimwambie nani? Daftari linalounganisha cheti chake cha kwanza na jina lake jipya haliko wazi kwa umma, na mimi sina wakili.

8/ Kwa hiyo mwanasiasa akija kwenye baraza lenu na suala hili, muulizeni mambo matatu:
- Nani atahakikisha mama ameelezwa kwa lugha anayoielewa, na wiki sita zimefika?
- Kabla ya karatasi, atapewa msaada gani wa kumlea mtoto mwenyewe akitaka?
- Habari ya ugonjwa wa ukoo itamfikiaje mtoto bila kuvunja siri ya nyumba yake?

9/ Akijibu hayo, msikilizeni, awe wa upande wowote. Akirudia tu ya wageni na makao, jueni bado hajaongea na mama hata mmoja.

Na kama uko wodini sasa hivi na karatasi iko mbele yako: dada yangu, hesabu wiki kwanza.