Umeme wa Amu na umeme wa Faza: kwa nini kawi safi haijafika visiwa vyote

Mkaazi wa Amu na mkaazi wa Faza hulipa bei moja kwa uniti ya umeme. Tokeni hununuliwa kwa simu vilevile, na makato kwenye risiti ni yale yale. Umeme wenyewe, hata hivyo, hautoki mahali pamoja.

Umeme unaotumika Amu, Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu huja kwa waya kutoka gridi ya taifa. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi hiyo hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji, upepo na jua. Faza na Kiunga ziko nje ya gridi. Vituo vyao vilijengwa kwa jenereta za dizeli, na kila lita inayochomwa Faza sharti kwanza ivuke bahari. Halafu viko vijiji, hasa upande wa Basuba, ambavyo havijafikiwa na waya wa aina yoyote. Huko taa ni paneli ndogo juu ya paa, au tochi ya simu.

Kwa hiyo mtu akisema Kenya imeacha mafuta katika kuzalisha umeme, anakaribia kusema kweli akiwa amesimama Mokowe. Akipanda boti hadi Kisiwa cha Pate, maneno hayo yanahitaji kurekebishwa.

Waya ulivyobadilisha Amu

Amu nayo ilikuwa hivyo. Hadi muongo uliopita, mji huo uliwashwa kwa jenereta za dizeli. Kilichobadilisha mambo ni laini ya msongo mkubwa wa kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300. Hakuna aliyebadilisha balbu wala friji. Dizeli iliondoka kwa sababu waya ulifika.

Waya huo una udhaifu wake. Lamu iko mkiani mwa laini ndefu, na hitilafu ikitokea njiani, giza hufika hadi huku. Ndiyo maana baadhi ya hoteli na biashara bado zina jenereta ya akiba, na mafuta yaliyotolewa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini basi waya usiendelee hadi visiwa vilivyobaki? Gharama ya laini hutegemea urefu wake na ugumu wa njia kuliko idadi ya watu walioko mwisho wake. Kuvuka mikondo ya bahari na misitu ya mikoko ili kufikia vijiji vichache ni ghali kwa kila nyumba inayounganishwa, na hewa ya chumvi hula vyuma na viungo vya nyaya haraka kuliko bara. Kwa maeneo ya namna hii, wapangaji wa kitaifa huangalia zaidi gridi ndogo, yaani kituo kinachozalisha na kusambaza umeme wa eneo hilo pekee.

Jua lipo, tatizo ni saa

Wengi huuliza kwa nini Faza, yenye jua karibu mwaka mzima, ichome dizeli. Jibu liko katika saa za matumizi. Paneli hutoa umeme mwingi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Watu huwasha taa, feni na televisheni kuanzia magharibi hadi saa nne usiku. Katikati panahitajika betri, na betri ndiyo sehemu ghali, inayochakaa na kuhitaji kubadilishwa mapema kuliko paneli.

Jenereta nayo ina hasara yake. Kwa kawaida lita moja ya dizeli hutoa uniti 3 hadi 4 za umeme ikiwa mtambo umebeba mzigo wa kutosha. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na friji chache tu zikifanya kazi, mtambo hula mafuta mengi kwa kila uniti. Njia inayopendekezwa kwa vituo kama hivi ni mchanganyiko: jua lifanye kazi ya mchana na kujaza betri, betri ibebe usiku, na dizeli ibaki kwa siku za mawingu ya masika au mtambo mwingine ukiharibika. Jenereta haitoweki, ila saa zake za kunguruma hupungua.

Kwa wavuvi wa Faza na Kizingitini, jambo hili linahusu barafu. Samaki au kamba wanaokosa barafu huuzwa kwa bei ya mnunuzi, si ya mvuvi. Mashine ya barafu inaweza kupangiwa kazi ya mchana, jua linapokuwa kali, na ikapunguza hitaji la betri. Friji ya chanjo kwenye zahanati haina nafasi hiyo, kwa kuwa lazima ibaki na baridi usiku na mchana.

Nani hulipia dizeli ya visiwani

Sote. Katika bili ya umeme kuna ada ya gharama ya mafuta, ambayo hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Ada hiyo hukusanya gharama ya mafuta yaliyochomwa na vituo vya nchi nzima, vikiwemo vya miji iliyo nje ya gridi kama Mandera, na kugawanywa kwa wateja wote. Mtu wa Witu asiyetumia hata tone la dizeli ya Faza huichangia, kama anavyofanya mtu wa Kisumu. Utaratibu huu humlinda mkaazi wa kisiwani, kwani angelipa gharama halisi ya umeme wake, bei ingemshinda.

Mradi wa kitaifa wa sola kwa maeneo yaliyo nje ya gridi, KOSAP, ulikusudiwa kuanzia hapo. Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017, kwa kaunti 14, Lamu ikiwemo. Unahusu gridi ndogo za sola, paneli za nyumbani, majiko bora, na umeme kwa taasisi za umma kama vituo vya afya. Utekelezaji wake umechukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

Ardhi na idhini ya wananchi

Lamu ina kumbukumbu mbili ambazo kila mpangaji wa kawi huzitaja. Ya kwanza ni mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangiwa Kwasasi, wakati ambapo mahitaji ya juu ya nchi nzima hayakuwa yamefika megawati 2,000. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilitupilia mbali rufaa ya kampuni.

Ya pili ni ya kawi safi. Mradi wa upepo wa Baharini, uliokusudiwa kutoa megawati 90, uliingia katika mvutano mrefu kuhusu ardhi. Upepo uliosukuma majahazi ya Lamu kwa karne nyingi bado haujazungusha rafadha hata moja huko. Mradi kuwa safi hakuondoi swali la shamba ni la nani na fidia ni kiasi gani.

Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti kuandaa mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri. Mikutano ya ushirikishwaji inapoitishwa katika wadi, maswali yenye uzito ni haya: kiwanja cha kituo kitatolewa na nani na kwa hati gani, nani atakayetunza betri na paneli baada ya mkandarasi kuondoka, bei ya uniti itakuwa ile ya taifa au ya mwekezaji, na zahanati, shule na mashine ya barafu zitaunganishwa lini, kabla ya nyumba au baada yake. Maoni yanaweza pia kuandikwa na kuwasilishwa kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, kwa Kiswahili.