SHIMINE NA TERILI: NI URITHI AO NI TAKATAKA?



Katika somo la historia tunasikia neno patrimoine, ni kusema urithi wa inchi. Mara moja akili inakimbia kwa piramidi za Misri ao kwa makanisa ya zamani ya Ulaya. Wengi wetu wanasema: «Lubumbashi haina kitu, mji ulizaliwa mwaka wa 1910 tu!» Lakini hapa kwetu iko shimine ya Gécamines, karibu mita 150 kwenda juu, na kando yake ule mlima mweusi tunaoita terili. Wachoraji wetu wakichora mji, ni vitu hivi viwili wanatia mbele. Tunataka kueleza juu ya nini vinaitwa urithi, na juu ya nini wakati wa kuviangalia ni sasa.

1. Vilitoka wapi?

Shaba haikuanza na Wazungu. Mbele yao mafundi wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama feza. Misalaba ya namna ile imekutwa katika makaburi ya zamani sana, upande wa maziwa ya Upemba.

Mwaka wa 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mwaka wa 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa, na tarehe 30 juni 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa. Makaa ya tanuru yalitoka Wankie, katika inchi inayoitwa leo Zimbabwe. Basi, bila reli hakuna tanuru, na bila tanuru hakuna Lubumbashi.

Na terili je? Mawe yakiyeyuka katika moto, shaba ni nzito, inashuka chini. Uchafu wa mawe ni mwepesi, unabaki juu. Ule uchafu uliondolewa ungali mwekundu kama moto, ukamwagwa inje, ukapoa, ukawa mweusi. Siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, mlima ukaota. Kwa hiyo terili ni kama kitabu cha hesabu: kila tabaka ni kazi ya siku moja ya mtu fulani.

2. Nani aliyetumika?

Watumikaji walitoka mbali: Katanga yenyewe, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), Ruanda na Burundi. Walikaa katika kambi, walipokea posho, watoto wao wakapata masomo na lopitali. Watu wa luga mingi walipashwa kusikilizana, na ndipo Kiswahili chetu cha Katanga kilipata nguvu. Hata luga tunayoandika hapa ilipita katika kambi zile.

Lakini tusidanganyane, haikuwa raha tupu. Mwezi wa desemba 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilipanda na mshahara ukabaki mdogo. Watumikaji wakaacha kazi, wakakusanyika katika uwanja wa mpira wa mji. Tarehe 9 desemba askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, alikufa pale pamoja na wengine wengi. Na moshi wenyewe ulikuwa na sumu: upepo uliupeleka kaskazini-magharibi, na kule miti ilikauka, udongo ukaharibika. Wanafunzi na walimu wa agronomia wa Université de Lubumbashi wanatumika mpaka leo kutafuta majani yanayoweza kuota pale.

Kisha kampuni ikawa ya serikali mwaka wa 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1990 kazi ilianguka. Mwaka wa 2003 watumikaji zaidi ya 10.000 walianza kuondoka kwa mpango ulioitwa «départ volontaire». Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka wa 2001, juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba yule ni kampuni.

3. Kwa nini sasa?

Kwa sababu terili inapungua. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 mawe yake yanachukuliwa tena, maana ndani mulibaki kobalti, na pia germanium, inayotafutwa sana na viwanda vya elektroniki. Hatusemi kazi ile isimame, watu wanapashwa kula. Lakini mlima ukiisha, na shimine ikaanguka, tutawaonyesha watoto wetu nini?

Wengine wanasema: «Ni alama ya ukoloni, iende!» Sisi tunajibu: mwenye kampuni alipanga, lakini mikono ilikuwa ya nani? Kufuta alama ni kufuta pia jina la aliyeumia. Kule Falun, inchi ya Sweden, mgodi wa shaba ulifungwa mwaka wa 1992. Mwaka wa 2001 UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia, pamoja na vilima vyake vya takataka. Inchi yetu iko na mahali patano katika orodha ile, yote ni misitu na mbuga za nyama. Hata pamoja si kazi ya mikono ya watu.

4. Tufanye nini?

Sheria iko: ordonnance-loi 71-016 ya tarehe 15 machi 1971 inalinda vitu vya urithi wa inchi. Kuomba shimine iandikwe ni kazi ya wakubwa. Lakini iko kazi isiyongoja mkubwa. Kila mwanafunzi mwenye nkambo aliyetumika kwa tanuru amuulize: ulitoka kijiji gani, uliingia kazi mwaka gani, kapita wako alikuwa nani, namba yako ya kazi ilikuwa ngapi? Andika jibu lake katika kaye, tia tarehe, lete kwa mwalimu wa historia. Shimine inaweza kungoja miaka kumi ingine. Nkambo hawezi.