Uhifadhi shirikishi wa wanyamapori wilayani Kaliua

Uhifadhi shirikishi ni utaratibu wa kulinda wanyamapori kwa kuwahusisha wananchi wanaoishi kando ya maeneo ya hifadhi, kwa njia ya elimu, mawasiliano na miradi ya maendeleo. Katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, unahusu hasa vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi.

Mazingira

Sehemu kubwa ya eneo hilo ni misitu ya miombo. Miongoni mwa wanyama wake ni tembo, kiboko, palahala, korongo na nzohe. Mto Ugalla huingia katika Mto Malagarasi, unaomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Malagarasi-Muyovozi ilikuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hiyo. Leo wakazi wengi ni wakulima wa tumbaku na mahindi, wafugaji, wavuvi na warina asali.

Historia

Ugalla ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1965. Wakati huo warina asali na wavuvi waliweza kuingia kwa kibali katika majira ya kiangazi. Mwaka 2019 ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Katika hifadhi ya taifa uwindaji, makazi na malisho ya mifugo haviruhusiwi, na shughuli kuu ni utalii wa kutazama wanyama. Kwa familia zilizotegemea asali na samaki wa porini, mabadiliko hayo yaligusa riziki moja kwa moja.

Mawasiliano

TANAPA ina idara ya ujirani mwema, ambayo maafisa wake hukutana na wananchi katika mikutano ya vijiji, shule na vikundi. Mambo yanayohitaji kuelezwa ni pamoja na mipaka ya hifadhi, sheria zake, na namna ya kutoa taarifa wanyama wanapovamia mashamba.

Suala linaloleta maswali mengi ni malipo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Yote mawili ni pole ya serikali, si fidia ya hasara yote. Chini ya kanuni hizo, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikustahili malipo, na hesabu haikuzidi ekari 5. Mkulima asiyeelezwa hayo mapema huyafahamu baada ya tembo kupita shambani.

Miradi

Miradi ya ujirani mwema huibuliwa na vijiji vyenyewe: madarasa, zahanati, visima au mizinga ya nyuki. Wananchi huchangia nguvu kazi na vifaa, na hifadhi hutoa sehemu ya fedha.

Njia nyingine ni jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, ambazo vijiji huzitengea sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama. Jirani na Ugalla zipo Uyumbu, wilayani Urambo, na Ipole, wilayani Sikonge. Sehemu ya mapato yao hurudi katika vijiji wanachama.

Changamoto

Ukataji wa miti kwa ajili ya mashamba na kukaushia tumbaku, pamoja na ongezeko la mifugo, hupunguza misitu nje ya hifadhi. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji hukusudia kutenga maeneo ya kilimo, malisho na mapito ya wanyama, lakini hufanikiwa pale tu wakazi, wakiwemo wahamiaji wapya, wanapoifahamu na kuikubali.