Je, Wajua? Begi gumu na ndege ya Tanga

Je, wajua kwamba kwenye ndege ndogo zinazounganisha Tanga, Pemba na Unguja, kikomo cha kawaida cha mzigo ni kilo 15 tu, na wanaokatazwa zaidi ni wenye masanduku magumu ya magurudumu?

Ndege inayotumika sana katika njia hizi ni Cessna Caravan, yenye injini moja na nafasi ya abiria 12 hivi. Ikiwa imejaa watu, mafuta na mizigo, uzito wake wote ni takriban tani 4. Begi la kitambaa hukunjika likaingia kwenye upenyo wowote. Sanduku gumu halikubali. Na kwa kuwa kila kilo huhesabiwa, mfanyakazi wa kaunta huuliza pia uzito wako wewe mwenyewe, swali ambalo mama mwenye kikapu cha machungwa ya Muheza hulipokea kwa jicho kali. Maskini kijana wa watu, hamchokozi: rubani anazihitaji hesabu hizo ajue nani akae mbele na nani nyuma.

Kwenye ndege kubwa mambo ni tofauti: shirika la Fastjet lilipoanza safari zake Tanzania mwishoni mwa 2012, nauli yake ya chini haikuwa na begi la kupakiwa; ukilitaka, ulilipia. Ugomvi wa begi wa namna hiyo humalizwa na pochi. Kwa Caravan iliyojaa, hata ukitoa noti, kikapu kinaweza kubaki kikasubiri ndege nyingine.